Kushusha Pikapu ya Zamani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana)



Katibu wetu aliponiandikia barua kunitaka nizungumze leo, alisema nichague jambo lolote la ufundi lenye manufaa kwa wanachama. Lakini chini ya sahihi yake akaongeza kwa mkono: "hasa ile pikapu." Basi nikaelewa kwamba uhuru wa kuchagua niliopewa ulikuwa wa adabu tu.

Wote tunaijua. Ni Datsun 1200, ile pikapu ndogo iliyoanza kuundwa huko Japani mwaka 1971, injini yake ya ujazo wa sentimita 1,171 na uwezo wa kubeba nusu tani. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tuliikuta imekwisha zeeka, na kaka zetu wa miaka ya 70 wanasema waliiona ikiwa mpya. Sasa Bodi ya Shule imetukabidhi, na tumegawanyika. Wadogo zetu waliomaliza hivi karibuni wamechanga fedha, nazo si kidogo, ili pikapu ishushwe, ipakwe rangi, iwekewe magurudumu mapana na kutembezwa siku ya sherehe. Wakubwa wetu wanasema kufanya hivyo ni kuivunjia heshima. Kundi la tatu, ambalo lina sauti ndogo lakini lina hoja, linauliza kwa nini isirudi kazini kubeba mahindi ya jiko la shule. Mimi nimesomea uhandisi wa mitambo, na serikali hunilipa mshahara kwa kazi ya kukagua magari. Nimeombwa nieleze mambo yalivyo, na nitajaribu kufanya hivyo.

Kwanza, huu mtindo umetoka wapi? Nimesikia ukiitwa uhuni. Ndugu zangu, historia yake ni ndefu kuliko hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa California wenye asili ya Meksiko walianza kununua magari yaliyokwisha tumika na kuyashusha. Vijana wengine wengi wakati huo walipenda mwendo wa kasi na makelele. Hawa wakachagua kinyume chake, gari liende chini na liende polepole, ili mwenye gari aonekane na mji mzima. Hawakuwa na karakana. Walikata koili za springi, au walitia mifuko ya mchanga kwenye buti mpaka gari likainama nyuma. Hiyo mifuko ya mchanga naomba muikumbuke, nitaizungumzia tena.

Serikali ya California haikupendezwa. Mwaka 1958 likapitishwa katazo kwamba gari lililobadilishwa lisiwe na sehemu yoyote ya mwili wake iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kwa mtumishi wa serikali kama mimi, hiyo ni sheria iliyoandikwa vizuri, maana askari anaweza kuipima kwa kijiti. Lakini wananchi nao walikuwa na akili zao. Mwaka 1959 kijana mmoja wa huko, Ron Aguirre, alifunga kwenye Chevrolet Corvette yake pampu na silinda za mafuta zilizotokana na vifaa vya ndege. Akimwona askari, anabonyeza na gari linanyanyuka; askari akipita, gari linalala. Magari yanayorukaruka ambayo watoto wetu wanayaona kwenye video chanzo chake ni hicho, kukwepa faini. Katazo hilo liliendelea kuwapo mpaka mwaka 2023, lilipofutwa na Bunge la jimbo hilo, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 halipo tena. Miaka 65 ni mingi kwa sheria iliyoshindwa na pampu.

Pikapu ziliingia katika mchezo huu kwa njia yake. Inayopendwa kuliko zote Marekani ni Chevrolet C10, hasa zile za mwaka 1967 hadi 1972. Nyingi kati ya hizo zina koili mbele na nyuma, na ekseli ya nyuma hushikwa na mikono miwili mirefu. Mpangilio huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba waundaji wa magari ya mashindano ya NASCAR waliuiga. Gari la namna hiyo hushushwa kwa kubadilisha koili tu, na mbele kwa kuweka kifaa cha kushikia gurudumu ambacho ekseli yake fupi imepandishwa, ili gari lishuke bila springi kuguswa. Wanaotaka kushuka zaidi hukata upinde katika chesisi juu ya ekseli ya nyuma, wakautilia nguvu kwa bamba la chuma, ili ekseli ipate mahali pa kupandia. Halafu katika miaka ya 1980 vijana wa huko wakahamia kwenye pikapu ndogo za Kijapani, zikiwamo Datsun. Kwa hiyo wadogo zetu hawakuiga jambo geni kwa gari letu. Japani kwenyewe, ambako pikapu hii iliendelea kuundwa mpaka mwaka 1994, na Afrika Kusini, ambako iliundwa kwa jina la Nissan 1400 mpaka mwaka 2008, zimeshushwa nyingi mno.

Sasa niingie kwenye chuma.

Watu husema gari likishushwa hushika barabara vizuri. Ni kweli, kwa kiasi. Tuseme upana kati ya magurudumu ni sentimita 125, na uzito wa gari umekusanyika sentimita 60 juu ya ardhi. Gawanya upana kwa urefu huo mara mbili, utapata 1.04. Shusha gari kwa sentimita 5, utapata 1.14. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo gari linavyokuwa gumu kupinduka kwenye kona. Mmepata faida ya karibu sehemu moja katika kumi, tena bila kununua injini. Ningekuwa ninauza springi, ningeishia hapo.

Lakini springi ina kazi nyingine. Datsun yetu mbele ina nguzo mbili, kila moja imebeba koili nje na shokapu ndani. Fundi wa haraka atakwambia ataishusha kwa saa moja: anakata mizunguko miwili ya koili kwa gesi. Koili yenye mizunguko minane inayofanya kazi ikikatwa miwili, haibaki na ugumu ule ule. Inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi nzima, kwa sababu chuma kilichobaki cha kujinyonga ni kifupi. Moto wa gesi nao unaondoa ile hali ya chuma cha springi pale ulipogusa, kwa hiyo panakatika au panalegea. Na ile ncha iliyokatwa haikai tena sawasawa kwenye kikombe chake. Siku gari likirushwa na tuta na gurudumu likaning'inia, koili inaweza kutoka mahali pake. Nimeona magari ya watu binafsi yakiletwa kwa ukaguzi yakiwa na koili zilizofungwa kwa waya. Nasema waya, na wala sitanii.

Kuna jambo la pili la mbele ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Chini ya ile nguzo kuna mkono unaoishika kutoka katikati ya gari. Kiwandani mkono huo huwekwa ukielekea chini kidogo upande wa gurudumu. Ukishusha gari mno, ncha ya nje inapanda na mkono unageukia juu. Hapo kitovu ambacho mwili wa gari hulalia kwenye kona hushuka kwa haraka kuliko gari lenyewe lilivyoshuka, na ajabu yake ni kwamba gari lililoshushwa linalala zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa juu. Aidha tairodi nazo zinakaa vibaya, hata gurudumu likipanda kwenye tuta usukani unageuka wenyewe. Dawa yake ipo: kipande cha chuma kinachowekwa kati ya nguzo na mkono wa usukani, kuurudisha mkono wa chini mahali pake. Bila hicho, kwa maoni yangu, gari kama letu lisishushwe mbele zaidi ya sentimita tatu au nne.

Nyuma ni rahisi zaidi, na ndiyo maana huharibiwa zaidi. Springi za nyuma ni vile vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Jambo la kwanza ni kulala chini ya gari na kutazama ekseli imekaa wapi. Ikiwa imekaa juu ya springi, bloku ya chuma ikiwekwa kati ya springi na ekseli inalishusha gari. Ikiwa imekaa chini ya springi, bloku hiyo hiyo inalinyanyua. Mnacheka, lakini mtu huweza kupoteza Jumamosi nzima kwa kutotazama. Yubolti ziwe ndefu za kutosha na mpya. Shokapu ziwe fupi, kwa maana shokapu ndefu ikibanwa mpaka mwisho hugeuka kuwa nguzo, nayo itang'oa kishikio chake. Paipu za breki zisisuguane na kitu, propela shafti isibadilishiwe pembe yake, na taa za mbele zirekebishwe. Baada ya hapo lipelekwe kupimwa magurudumu, na shirika la bima lielezwe kilichobadilishwa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina ugomvi na urembo; yenye ugomvi nayo ni gari lisilofaa kuwa barabarani.

Na matuta. Siwezi kuzungumza juu ya gari la chini katika nchi hii bila kutaja matuta. Mtindo huu ulizaliwa katika barabara pana za lami zilizonyooka. Sisi kutoka lango la shule mpaka barabara kuu tuna matuta manne, na la tatu, mnalijua, lilijengwa na mtu mwenye hasira.

Sasa niseme habari ya mchanga.

Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha tatu. Usiku mmoja wa masika mwenzetu wa bweni alipandwa na homa ya malaria mpaka akaanza kuweweseka. Wa kumfikisha hospitali alikuwa mzee dereva peke yake na pikapu hii. Wengi wenu mnamkumbuka, Mungu amrehemu. Tulimbeba mgonjwa kwenye godoro na tulikuwa na haraka, tukataka kumpakia. Mzee akatuzuia. Akatuamuru kwanza tupakie mchanga uliokuwa umerundikwa kwa ajili ya ujenzi wa choo, magunia matatu ya nusu nusu, tuyalaze juu ya ekseli. Sisi wanafunzi wa sayansi tukaona mzee amechanganyikiwa: mtu anakufa, yeye anaongeza mzigo! Mwalimu wa zamu alitaka kumfokea. Mzee akasema, "Gari tupu linampiga mtu. Likishiba linambembeleza." Tukapakia. Nilikwenda nao, nimeshika kichwa cha mgonjwa mapajani. Mashimo yalikuwa yale yale ya siku zote, lakini pikapu ilikwenda kama mtumbwi. Mzee hakuzidi mwendo wa baiskeli nzuri, na alfajiri tulifika. Mwenzetu yuko humu ukumbini, ameketi safu ya nne, na amenikataza nisimtaje.

Nilikuja kupata hesabu yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa pili. Kasi ambayo gari huchezea juu ya springi zake hutokana na ugumu wa springi ukigawanywa kwa uzito uliobebwa, kisha ukatafuta kipeuo cha pili. Pikapu huundiwa springi za kubeba nusu tani. Ikiwa tupu, springi hizo ni ngumu mno kwa uzito ulio juu yake, nayo hurukaruka. Tuseme nyuma palikuwa na kilo 250 juu ya springi, tukaongeza 150 za mchanga. Pale ilipokuwa ikicheza mara kumi, sasa inacheza mara nane, na kwa utulivu zaidi. Mzee alikuwa ameishusha pikapu. Vijana wa California walitia mchanga kwa ajili ya kupendeza. Yeye aliutia kwa ajili ya mgonjwa, na springi hazikujua tofauti.

Ninawaambia haya wakubwa zangu mnaosema kuishusha pikapu hii ni kuivunjia heshima. Imekwisha shushwa hapa hapa, na aliyefanya hivyo ndiye aliyeiheshimu kuliko sisi sote.

Hata hivyo sijamaliza. Wiki mbili zilizopita nilikuja hapa na jeki, tochi na rula, nikalala chini yake. Ninachotaka kuwaambia ndicho kitakachowashangaza wote, wa upande huu na wa upande ule. Kila upande nyuma kuna vipande viwili vya springi ambavyo si vyake. Upana wake ni tofauti, vimesawazishwa kwa grainda, na vimetoka kwenye gari kubwa zaidi. Mbele, chini ya kila koili, pamewekwa pete nene ya mpira. Kwa maneno mengine, pikapu yetu imekwisha nyanyuliwa, na inaonekana zamani sana. Nani alifanya, sina haja ya kuuliza. Ndivyo tulivyofanya kwa karibu kila pikapu nchini: mzigo unazidi, barabara ni mbaya, fundi anaongeza springi. Mimi siwalaumu. Gari lililonunuliwa kubeba nusu tani lilibebeshwa mahindi, saruji, madawati, na mara moja kwaya nzima.

Kwa hiyo hili gari mnalolitetea lisiguswe, ndugu zangu wa miaka ya 70, silo mlilolikuta. Na ninyi wadogo zetu mnaotaka kulishusha, hamjui bado liko juu kiasi gani kwa kosa. Niliondoa uzito kwa jeki na kukadiria: vile vipande viwili vikitolewa, nyuma itashuka kwa kama sentimita 5 bila bloku yoyote. Pete za mpira zikitoka, mbele itashuka kama sentimita 2. Hiyo ndiyo hali ya kiwandani, au karibu nayo. Kushusha kwa kwanza ni kuirudisha ilipokuwa.

Kutoka hapo, maoni yangu ni haya. Tukishavitoa hivyo, tuiendeshe mwezi mmoja na kuitazama. Huenda vijana wakaridhika, maana macho yamezoea pikapu zilizosimama kwa vidole. Wakiwa hawajaridhika, nitaunga mkono bloku ya sentimita 4 nyuma na koili fupi zilizoundwa kiwandani kwa kazi hiyo mbele, pamoja na kile kipande cha kurudisha mkono wa chini. Chesisi isikatwe. Nasisitiza, isikatwe, wala gesi isisogezwe karibu na koili. Kila kitakachotolewa kipakwe grisi, kifungwe kwenye sanduku na kuandikwa, ili wenzetu watakaokuja baada yetu wakitaka kukirudisha wawe na cha kurudisha.

Kuhusu mahindi ya jiko, samahani, siwezi kuwapa vyote viwili. Gari likishushwa chini ya kiwango chake, nafasi ya ekseli kupanda inapungua, na mzigo wa nusu tani utaipigisha chini ya chesisi kila tuta. Ikishushwa iwe ya watu wawili na mzigo mwepesi. Ikibaki kwenye kiwango cha kiwandani inaweza kubeba, ila bodi yake imeoza chini upande wa kushoto na inahitaji kuchomelewa kabla hamjaweka gunia hata moja. Hilo ni la haraka kuliko springi, na kwa bahati fedha zilizochangwa zinatosha kulianza. Ningependekeza tulianze hilo kwanza, na wadogo zetu wasione kwamba fedha zao zimechukuliwa na wazee. Rangi haishiki juu ya kutu.

Mafundi wawili wa mjini nimekwisha zungumza nao, na gharama zao zipo kwenye karatasi aliyonayo Mweka Hazina. Mmoja ni ghali lakini ana mashine ya kupimia magurudumu. Mwingine ni rahisi na ana maneno mazuri. Mimi ninampendelea wa kwanza. Naomba Mwenyekiti aruhusu kura ipigwe leo kabla watu hawajatawanyika, na vile vipande vinne nilivyovisema vitabaki mahali pake mpaka mtakapoamua. Wasioamini niliyosema, tochi yangu iko mezani, na nimetandika gunia chini ya gari ili msichafue mashati.